Kabla hujakubali kwamba gesi imeisha, fungua friza yako

Hapa Kigoma friza ikigoma kugandisha, jibu la haraka ni moja: "Gesi imeisha." Mtu anatoa hela, gesi inajazwa, na baada ya muda samaki wetu, migebuka, wanaanza tena kulegea. Hili linaniuma sana, maana gesi ya friza haiishi kama ya kupikia. Inazunguka humo humo kwenye mabomba yaliyofungwa yasivuje. Ikipungua, ujue pana tundu, na anayejaza bila kulitafuta tundu amekuuzia baridi ya siku chache tu.

Tena mara nyingi gesi haina kosa lolote. Kama friza yako ni ya kusimama, ile isiyotakiwa kuota barafu, tazama ukuta wa nyuma kwa ndani. Ukikuta umeganda, kompresa (ile pampu inayosukuma gesi) inanguruma bila kupumzika na upepo hautoki, shida iko nyuma ya ule ukuta. Yangu ilinifanyia hivyo mwaka 2024, Ziwa Tanganyika likiwa limefungwa kuvua tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Samaki tuliokuwa nao ndani ndio hao hao, hakuna pa kwenda kununua wengine.

Hamishia vitu kwa jirani, chomoa plagi kabisa, usiishie kuzima swichi. Sasa hapa ndipo subira inapotakiwa. Acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani, elekeza feni ya mezani, tandika matambara chini. Kisu usikiguse! Mabomba ya nyuma ni ya alumini laini, ukitoboa moja hapo ndipo gesi itaisha kweli. Na kibandiko cha karibu na kompresa kikiandikwa R600a, jiko la mkaa likae mbali, kwa sababu gesi hiyo inashika moto.

Barafu ikishaachia, toa droo, tafuta skrubu. Nyingine hujificha chini ya vifuniko vidogo vya plastiki. Vuta ukuta taratibu kwa kuwa mara nyingi feni imeshikizwa hapo hapo na nyaya zake ni fupi. Piga picha kwa simu kabla ya kuchomoa waya wowote. Zungusha feni kwa kidole: ikikwama au ikikwaruza, umeshapata mgonjwa mmoja.

Chini ya mabomba kuna hita ya kuyeyusha barafu, na juu yake thamostati ndogo ya duara iliyobanwa kwenye bomba, yaani swichi inayoiruhusu hita kuwaka kukiwa na baridi kali. Hita pima kwa mita ya fundi ya kupimia umeme. Isiposoma chochote, imekatika. Thamostati hiyo ndiyo inayoonewa. Ikiwa na joto la chumbani huwa imekata njia ya umeme, na ndivyo ilivyotengenezwa, lakini watu huipima hivyo hivyo wakaitupa. Mimi niliifunga kwenye mfuko wa nailoni, nikaomba nafasi kwenye friza ya jirani, nikaipima ikiwa bado ya baridi kali. Haikuunganisha hata hapo, nikajua ni yenyewe. Kipuri ni kidogo, ila nenda na cha zamani mkononi dukani ufananishe namba. Kabla ya kurudishia, mimina maji ya uvuguvugu kwenye tundu la kutolea maji uone kama yanapita.

Friza ya kulala ni habari nyingine. Mabomba yake yamefukiwa ndani ya kuta pamoja na povu, kwa hiyo usipasue ukuta kuyatafuta. Kule shughulika na thamostati ya kupangia baridi, rilei ya kompresa (swichi ndogo inayoiwasha) na raba ya mlango, basi.

Ukishafunga, iache ifanye kazi tupu mpaka ipoe vizuri, kisha rudisha samaki kidogo kidogo. Barafu ikirudi ukutani baada ya siku chache wakati hita na thamostati ni nzima, angalia taima (saa) au kadi ya umeme inayoiamrisha hita. Hapo ita fundi, na umwambie aanzie wapi.