Kung'arisha risasi za moto kwenye tambla: hazitalipuka, lakini usifanye

Mkuu, swali lako nimelisoma mara mbili. Una risasi za bunduki za saizi ya .223 kama mia nne, zimelala gereji hapo Houston misimu kadhaa ya joto, nyingine zimekuwa kahawia na nyingine zimeota kutu ya kijani. Jamaa mmoja wa kiwanja cha shabaha kakwambia uzimwage kwenye tambla, ile mashine ya kutikisa maganda ya risasi ili yang'ae, pamoja na magunzi ya mahindi yaliyosagwa, saa moja tu, zitoke kama za dukani. Unachoogopa ni zisije zikakulipukia.

Hazitakulipukia. Nasema hivyo kwa sababu nimeshafanya mwenyewe, na kwa sababu ya namna fataki, kile kidude cha kuwashia baruti kwenye kitako cha risasi, inavyofanya kazi. Fataki inataka pigo moja kali, mahali pamoja, linalobonyeza chuma chake. Ndani ya tambla risasi zinaelea kwenye magunzi, zinasuguana polepole kama punje za mchele kwenye ungo. Hata viwandani inajulikana kuwa risasi zilizokamilika huzungushwa kuondoa mafuta kabla hazijaingia kwenye boksi. Na fikiria risasi inavyosafiri kwa lori na meli, mtikisiko mtupu mwezi mzima.

Sasa mbona vitabu vingi vya kujaza risasi (kuziunda mwenyewe kwa ganda, fataki, baruti na kichwa), na watengeneza baruti wenyewe, wanakataza? Hapa ndipo penye utamu.

Baruti isiyo na moshi (Mfaransa Paul Vieille ndiye aliyeifanikisha mwaka 1884) si unga. Ni punje, nyingine kama vijiti, nyingine kama vitufe, nyingine kama sahani ndogo. Nyingi zimepakwa dawa inayozuia moto usikimbie mwanzoni, na juu yake grafiti. Kasi ya kuungua inategemea ukubwa wa punje na huo upako. Aliyewahi kupika kwa mkaa anaelewa: kipande kikubwa kinawaka taratibu, lakini chenga zilizobaki chini ya gunia zinashika moto mara moja na kuisha mara moja. Hofu ya wakubwa ni kwamba ukitikisa sana, punje zitavunjika, upako utachunika, na baruti iliyopimwa kwa mwendo fulani itaungua haraka zaidi. Risasi ya .223 imewekewa kikomo cha shinikizo cha pauni 55,000 kwa inchi ya mraba. Tairi la gari lako lina kama 35. Pale hakuna nafasi ya kubahatisha.

Je, inatokea kweli? Miaka sita iliyopita nilijaza .223 zangu nikasahau kufuta mafuta ya kulainishia ganda. Kufuta moja moja nikaona uvivu, nikazitia kwenye tambla kavu. Nilipanga dakika ishirini. Nikapigiwa simu kutoka Tanga, maongezi ya msiba, nikalala. Asubuhi mashine bado inanguruma. Nikachukua kumi na tano za usiku ule na kumi na tano ambazo hazikuguswa, nikazipiga juu ya kronografu, kifaa cha kupima mwendo wa risasi. Tofauti ya mwendo kati ya makundi mawili ilikuwa ndogo kuliko tofauti ya risasi na risasi ndani ya kundi moja. Moja niliifungua, baruti ikawa ileile kwa macho. Wapo wengine wamezungusha kwa saa nyingi kuliko mimi wakaona hivyohivyo. Ila angalia: ganda langu lilikuwa limejaa karibu hadi shingoni, baruti haina pa kuchezea. Ganda la bastola lenye baruti nusu ni habari nyingine, punje zinatembea humo. Na mimi nilijua nimeweka baruti gani. Wewe zako hujui.

Kilichonisumbua mimi ni vitu vingine kabisa, vya kijinga. Vichwa vyenye tundu mbele vilikuwa vimeshindiliwa vumbi la magunzi hadi ikabidi nitumie kijiti cha meno. Vile vyenye ncha ya ledi laini mbele vilipata vikovu. Moja nilipoipima urefu kwa kalipa, kichwa kilikuwa kimezama ndani kidogo. Siwezi kuapa kwamba ni mashine, lakini niliitenga, kwa sababu kichwa kikizama nafasi ya baruti inapungua na shinikizo linapanda.

Halafu kuna lile vumbi. Likitoka kwenye maganda yaliyokwisha kupigwa, lina ledi, yale madini ya risasi yenye sumu, kutoka kwenye fataki. Usifungulie mashine jikoni au chumba wanakochezea watoto. Nawa kabla hujashika chakula.

Sasa turudi kwako, maana hali yako si yangu. Mimi nilikuwa naondoa mafuta. Wewe unataka kuondoa kutu, na hiyo kutu ndiyo inayokwambia ipi nzima na ipi mgonjwa. Kahawia ni rangi tu, shaba ya manjano ikikaa kwenye hewa ya chumvi na jasho la vidole inakuwa hivyo. Sisi wa pwani tumeiona kwenye masinia ya bibi zetu, waliyasugua kwa ndimu na majivu yakang'aa. Kijani ni shaba inayoliwa. Ukizitia zote kwenye tambla, zitatoka zote zinang'aa, na ile iliyoliwa hadi ikawa na mashimo itafanana na mwenzake kwenye boksi. Utaijua ikiwa ndani ya chemba, sentimita chache kutoka shavuni kwako.

Kwa hiyo kitambaa kikavu, kigumu kidogo, na jioni mbili tatu mbele ya mpira. Futa moja moja. Iliyobaki kahawia tu, iache na kahawia yake, bunduki haijali urembo. Ya kijani ikifutika na chini pako laini bila vishimo, iweke pembeni kwa ajili ya mazoezi. Yenye vishimo ukipitisha ukucha, au kijani kimezunguka fataki au shingo pale kichwa kinapoingilia, hiyo imekufa. Usiitupe kwenye taka za nyumbani. Uliza kiwanja chako cha shabaha au polisi wa eneo lako kama wanapokea.

Usitumie dawa za kung'arishia shaba zenye amonia. Hili lina historia: Waingereza kule India waliona maganda ya risasi yanapasuka yenyewe ghalani msimu wa mvua, na sababu ikaja kuelezwa vizuri mwaka 1921, kwamba ni amonia, ile ya mkojo wa farasi kwenye mazizi yaliyokuwa karibu. Shaba ya ganda ni sehemu 70 shaba nyekundu na 30 zinki, na amonia inaipasua kimyakimya.

Na tafadhali, tambla ya maji yenye pini za chuma ni ya maganda matupu peke yake. Kuna mwenzetu hapa Texas alizitia zilizojazwa, na sabuni ya vyombo juu. Kiwanjani nusu ziligoma. Kugoma si kitu, unasubiri nusu dakika mtutu ukielekea kwenye shabaha, unaitoa. Iliyonitisha ni moja iliyotoa kimlio kama cha chupa ya soda, baruti imelowa, kichwa kikaishia katikati ya mtutu. Alikuwa tayari ameshaingiza nyingine. Aliyekuwa nyuma yake alimshika mkono. Angefyatua, mtutu ungepasuka usoni mwake.

Kama zako ziliwahi kuzama majini, mafuriko ya kimbunga Harvey ya Agosti 2017 au yoyote mengine, achana na kitambaa pia. Hizo ni za kutupwa hata zikiwa zinang'aa.

Weka picha hapa, ila piga upande wa kitako ambapo fataki inaonekana, na shingo kwa karibu. Ile uliyoweka ya ubavuni haisemi kitu.