Weka Kufuli Kabla Mkeka Haujachanika

Wanaofanya biashara ya dagaa hapa Mwanza huhesabu mwezi kwa nyakati mbili, giza na mbalamwezi. Wakati wa giza mitumbwi hutoka jioni na taa zake, dagaa hufuata mwanga, na kukicha mwaloni Kirumba hapapitiki kwa magunia na kelele za wapagazi. Mbalamwezi ikishakaza, taa ya mvuvi haimdanganyi tena dagaa kwa kuwa ziwa zima limemulikwa, kwa hiyo mitumbwi huvutwa ufukweni, nyavu hushonwa, na watu waliozoea kushika fedha kila asubuhi hubaki siku kadhaa wakiwa na muda mwingi na mfuko mwepesi. Nilianza kubeti katika siku za namna hiyo, na katika siku za namna hiyo hiyo ndipo nilipoharibikiwa.

Mimi si mvuvi. Nanunua dagaa visiwani na kuwauza kwa jumla Kirumba. Tulikuwa wafanyabiashara 12 katika mchezo wa kijumbe, yaani kuchangishana fedha na kupeana kwa zamu, kila mmoja akitoa shilingi 50,000, na kijumbe wetu, mama mtu mzima wa Igogo, alipopata msiba Sengerema aliniachia kazi ya kukusanya kwa siku mbili. Zilipotimia 600,000 kwenye simu yangu, nilikuwa nimeshapoteza 40,000 zangu mwenyewe kwa mkeka wa timu saba, yaani dau moja linalounganisha timu zote hizo, uliochanwa na timu moja dakika za majeruhi. Nilichukua 40,000 za mchezo ili kurudisha zile zangu. Mechi zilipokwisha usiku nikahamia kwenye mchezo wa kindege, ule ambao kizidisho hupanda mbele ya macho yako na unatakiwa kutoa fedha kabla ndege haijapotea. Saa nane usiku nilikuwa nimekaa juu ya rundo la nyavu, mwezi ukiwa mweupe kiasi cha kutohitaji tochi, nikisoma ujumbe kwamba salio langu ni shilingi 1,150.

Kijumbe aliporudi nilimwamkia, nikamweleza nikiwa nimeangalia chini. Alinyamaza kwa muda, kisha akasema, "Mwanangu, sikuulizi zimekwenda wapi. Nakuuliza zinarudi lini." Zilirudi baada ya miezi saba. Naeleza hapa niliyojifunza katika miezi hiyo, hasa juu ya kanuni zinazomlinda mchezaji, kwa sababu nilizisoma nikiwa nimechelewa, na wengi ninaokutana nao mwaloni hawajui kama zipo.

Nianze na leseni. Hapa nchini msimamizi ni Bodi ya Michezo ya Kubahatisha Tanzania, iliyopo kwa mujibu wa Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya mwaka 2003, Sura ya 41 ya sheria za nchi. Bodi hiyo ndiyo inayotoa leseni kwa kasino, mashine za sloti, bahati nasibu na kampuni za kubashiri matokeo ya michezo, na mtu ambaye hajafikisha miaka 18 haruhusiwi kucheza wala kuchezeshwa. Faida ya leseni kwa mchezaji ni kwamba ukishinda na usilipwe, yupo mtu wa kumlalamikia. Ukicheza katika tovuti isiyo na leseni ya hapa, hata ikiwa na maandishi mazuri ya Kiswahili na picha za wachezaji maarufu, fedha yako ikikwama huna pa kuipeleka kesi hiyo.

Niliwahi kucheleweshewa ushindi wa shilingi 86,000 kwa siku 11 na kampuni ambayo sitaitaja. Kupiga simu hakukusaidia, kwa sababu kila aliyepokea alianza upya kuniuliza jina. Kilichosaidia ni kuandika: namba ya mkeka, tarehe na saa, picha ya skrini inayoonyesha matokeo, na ujumbe wa malipo niliyoweka, halafu sentensi moja mwishoni kwamba nisipojibiwa nitapeleka malalamiko hayo hayo kwa Bodi. Nililipwa kesho yake. Kwa hiyo usifute ujumbe wa miamala, na kila lalamiko liwe la maandishi.

Jambo jingine linalowaumiza watu ni kodi. Kodi ya ushindi hukatwa na kampuni yenyewe kabla fedha haijakufikia, kwa hiyo kiasi unachopokea kimeshakatwa. Akitokea mtu akakwambia umeshinda mamilioni lakini utume kwanza "kodi" au "gharama za kufungua akaunti" kwa namba fulani, huyo ni tapeli, hata kama anakuita kwa majina yako yote matatu. Jirani yangu wa kibanda alituma mara mbili.

Hata hivyo, leseni hukuhakikishia mchezo halali tu, na mchezo halali umepangwa ili kampuni ipate. Hapo ndipo nilipokuwa nikijidanganya, nikidhani kwamba kwa kuwa kampuni ni halali basi hesabu nazo ziko sawasawa kati yangu na wao. Chukua mfano wa mechi ambayo matokeo mawili yana nafasi sawa kabisa, kama kurusha sarafu. Odi ya haki, yaani kizidisho cha dau, ingekuwa 2.00 kwa kila upande. Kampuni inaweza kukupa 1.85, na tofauti hiyo ndogo ndiyo mshahara wake: kwa kila shilingi 1,000 unayoweka, kwa wastani wa muda mrefu hurudi 925. Ukiweka dau moja, makato hayo hayaonekani. Lakini sisi hatuweki moja, tunasuka mkeka, na katika mkeka makato huzidishana. Timu kumi za namna hiyo zitakupa odi ya takriban 470, jambo linalopendeza sana ukiwa na shilingi 1,000 mkononi, ilhali nafasi yako ya kushinda ni moja kati ya 1,024. Kwa maneno mengine, shilingi 1,000 uliyoweka ina thamani ya kama 459 tangu dakika unayobonyeza kitufe, kabla mpira haujaanza. Nilipoifanya hesabu hiyo kwa kikokotoo cha simu nikiwa ndani ya daladala ya Buhongwa, nilipitiliza kituo.

Kanuni hazikatazi hesabu hiyo, na sidhani kama zinaweza, kwa kuwa bila makato hayo hakuna biashara. Zinachoweza kufanya ni kupunguza kasi, na kwa maoni yangu kasi ndiyo inayomaliza watu kuliko hata ubaya wa odi. Mkeka wa mpira hukuacha usubiri dakika 90, katikati unakula, unazungumza na mkeo, hasira inashuka. Kindege na mashine havikupi nafasi hiyo, kwa sababu raundi huisha kwa sekunde na nyingine huanza hujameza mate. Uingereza walilitambua hilo katika mashine za maduka ya kubeti, ambazo ziliruhusu dau la hadi pauni 100 kwa kila mzunguko wa sekunde 20. Tangu Aprili 2019 dau hilo la juu likashushwa hadi pauni 2. Mashine haikubadilishwa bahati, ilipunguzwa uwezo wa kumvua mtu nguo kabla hajafikiri.

Kwetu mashine hizo tunaziita dubwi, nazo hupokea sarafu ya shilingi 200. Sarafu hiyo inaonekana ndogo, lakini ni sarafu hiyo hiyo anayopewa mtoto akanunue chumvi. Ukiona dubwi kwenye duka la mtaani na watoto wenye sare wameizunguka, hilo ni kosa kisheria, na unayo haki ya kulifikisha kwa mwenyekiti wa mtaa na kwa Bodi. Kwenye simu mambo ni magumu zaidi. Laini husajiliwa kwa alama za vidole na namba ya NIDA, hivyo kwa makaratasi mchezaji ni mtu mzima, ilhali aliyeshika simu ni kijana wa kidato cha pili anayejua namba ya siri ya baba yake. Badilisha namba hiyo leo, na usitumie mwaka wa kuzaliwa.

Sasa nije kwenye kufuli. Kampuni nyingi zenye leseni zina mahali pa kuweka kikomo cha fedha unazoweza kuweka kwa siku au kwa wiki, na pa kujifungia akaunti kwa muda. Kwa kawaida hupakuti mbele. Hukaa chini kabisa ya ukurasa, karibu na maneno "cheza kistaarabu", ambayo sote tunayapita kama tunavyopita bango barabarani. Nilipoomba kufungiwa akaunti yangu, mhudumu alinijibu kwa upole mwingi kwamba wananipa dau la bure la shilingi 5,000 kama shukrani. Nilicheza nalo. Safari ya pili niliandika barua pepe fupi isiyo na salamu ndefu: naomba akaunti yangu ifungwe, nisitumiwe matangazo wala ofa, na nithibitishiwe kwa maandishi. Ilifungwa.

Wiki mbili baadaye nilijisajili kampuni nyingine kwa dakika tatu. Kufuli yangu ilikuwa ya mlango mmoja katika nyumba yenye milango mingi. Uingereza wana mfumo uitwao GAMSTOP, na tangu mwisho wa Machi 2020 kila kampuni ya mtandaoni yenye leseni yao inalazimika kuwamo, kwa hiyo anayejifungia mara moja hufungiwa kote. Uswidi nao wana Spelpaus tangu mwaka 2019. Kama kuna jambo moja ningemwomba mtunga kanuni yeyote anisikilize, ni hilo. Kwa upande wangu ilinibidi kuandika barua ile ile kwa kila kampuni ninayoijua, tano kwa jumla, kazi ya jioni moja.

Lakini barua hizo niliziandika wakati wa giza, biashara ikiwa nzuri na akili ikiwa imetulia. Ushauri wangu mkubwa kwako uko hapo. Usisubiri uwe umepoteza ndipo uweke kikomo, maana aliyepoteza haweki kikomo, anatafuta pa kurudisha. Weka siku umeamka vizuri na una fedha, na kiwe kiasi ambacho kikiondoka chote hutalazimika kumficha mtu. Mimi nilikuwa nimejipangia 5,000 kwa wiki, lakini nilikuwa nimejipangia kichwani tu, na kichwani kila kikomo hulegea.

Kamwe usibeti fedha ya kukopa. Uingereza walikataza kubeti kwa kadi za mkopo tangu tarehe 14 Aprili 2020, kwa sababu deni na dau vikikutana mtu huzama haraka. Huku hatuna kadi nyingi za mkopo, lakini tuna mikopo ya simu inayokujia kwa kubonyeza namba, na nyuma yake kuna kausha damu, wakopeshaji wa mtaani wa riba kubwa, wanaochukua hadi friji. Mimi nilichofanya ni kumwachia mke wangu fedha yote ya mtaji, ikae kwenye laini yake. Nikitaka kwenda kununua mzigo ananitumia kiasi cha mzigo, nami narudi na hesabu. Mwanzoni niliona aibu kama mtoto anayepewa nauli. Aibu hiyo iliisha kabla deni la kijumbe halijaisha.

Na kwa yule ambaye amejaribu yote hayo na bado mkono unakwenda wenyewe, ajue kwamba hilo ni ugonjwa unaotambuliwa. Shirika la Afya Duniani limeuweka katika orodha yake ya magonjwa, ICD-11, iliyoanza kutumika Januari 2022, kwenye kundi moja na uraibu mwingine. Hospitali ya Bugando ina idara ya magonjwa ya akili, na kwenda pale si kutangaza wazimu. Anayelala saa tisa usiku kwa miezi, anayedanganya juu ya fedha ndogo na kubwa, anayefikiria ziwa kwa namna isiyo ya uvuvi, asikae na jambo hilo peke yake hata siku moja zaidi.

Mbalamwezi iliyopita kijana mmoja anayepakia magunia yangu alinijia na shilingi 10,000. Akaunti yake mwenyewe ilikuwa imefungwa, nami ndiye niliyemsaidia kuandika ile barua. "Bosi, niwekee kwenye simu yako, mara hii tu, odi ni ndogo." Nilimwambia simu yangu haina akaunti, na hata ingekuwa nayo nisingeweka. Aliondoka bila kuaga, akaenda kusimama kwa jirani, na kwa muda wa wiki mbili akawa anapakia mzigo wangu bila kunisalimu.