Huko kwenu mnauza ngapi?

Swali lenu la wiki hii linasema hivi: kampuni ikishutumiwa ati inamwaga bidhaa nchi za watu kwa bei ya kutupa, halafu itoke hadharani kujitetea, tuamini nini? Mimi najibu kama mtu wa samaki, manake nimekulia kwa meza ya shangazi yangu soko la Kibuye hapa Kisumu, na hii maneno ya dampingi tumeisikia tangu samaki wa China waanze kuingia kwa katoni.

Kipindi kile kelele zilikuwa mingi, hadi Oktoba 2018 rais wa wakati huo Uhuru Kenyatta akasema hao samaki wazuiwe, alikuja sokoni kijana mmoja wa kampuni ya kuwaagiza (jina niache), shati nyeupe, ana kalenda za kugawa. Akaanza, mama samaki wetu wamepimwa, wana cheti, ushuru tumelipa wote, friza haijazimwa tangu bandarini. Shangazi alikuwa anapara ngege (tilapia wa ziwa letu), magamba yanaruka mpaka kwa ile shati, akamsikiliza weee mpaka akamaliza, halafu akamuuliza kitu kimoja tu: "Mwanangu, na huko wanakotoka wanauzwa ngapi?" Kijana akarudia tena habari ya cheti.

Hapo ndipo jibu langu liko. Kwa sheria za WTO, lile Shirika la Biashara Duniani, dampingi si kuniuzia bei ya chini kuliko jirani yangu. Ni kuuza nje kwa bei ya chini kuliko ile unauzia watu wako nyumbani, ama chini ya gharama yako. Basi. Cheti haimo, ubora haumo, hata ushuru wa bandarini haumo (asiyelipa ushuru huyo ni wa magendo, kesi ingine kabisa, waulize watu wa sukari kule mpakani Busia). Sasa soma taarifa za kampuni zikishutumiwa, karibu zote ni mtindo mmoja, tunafuata sheria za kila nchi, tutashirikiana na wachunguzi, hao wanaolalamika wameshindwa na ushindani, na mwisho wanamsukuma mteja mbele kama ngao, ati ushuru ukiongezwa ataumia mwananchi wa kawaida. Hiyo ya mwisho si uongo, shida haijibu swali. Ile bei moja ya nyumbani huioni.

Na wanayo! Wachunguzi wa serikali ya nchi inayoletewa bidhaa huwatumia maswali marefu, bei, ankara, gharama, na majibu yanafichwa kama siri ya biashara, na asiyejibu anapigiwa hesabu kwa habari zilizopo, mara nyingi zile za aliyemshtaki. Kwa hivyo kampuni inapiga kelele gazetini na huku haijajaza fomu, hiyo siiamini hata kidogo.

Lakini nisiwe mnafiki, kuna wenye hoja. Mwaka 2002 wafugaji wa kambare wa Marekani walishtaki Vietnam, na Wavietnam wakasema samaki wetu ni rahisi juu tuko na mto Mekong, joto liko, vibarua ni bei nafuu. Marekani ikasema uchumi wenu si wa soko huria, bei zenu hatuzitaki, ikapiga hesabu kwa gharama za Bangladesh, na 2003 wakalimwa ushuru wa kati ya asilimia 37 na 64 hivi. Yaani hapo hata ukitaja bei ya kwenu haikusaidii, na walikuwa tayari wamekatazwa kumuita samaki wao kambare wakimuuza Marekani. Hao niliwahurumia.

Kwa hivyo samaki wa katoni kuwa rahisi kuliko ngege wetu, hiyo peke yake haithibitishi kitu. Na sheria ya mambo haya Kenya iko tangu 2017, ila niambieni mvuvi wa Dunga hapa ziwani atatoa wapi bei ya jumla ya China ya kupeleka kama ushahidi.

Ile kalenda ilikaa kwa ukuta wa shangazi mpaka ikaisha mwaka. Siku hizi anauza wote wawili, ngege juu ya meza, wa katoni wanayeyuka kwa beseni chini, na ukimuuliza hao wa beseni alinunua ngapi stoo, anakuuliza kama umekuja kununua ama umetumwa.