Maswali na Majibu: Msafara wa Opothleyahola

Leo najibu maswali yenu kuhusu pigano la Chustenahlah, 26 Desemba 1861, katika eneo ambalo sasa ni Oklahoma, Marekani, pigano ambalo mimi naliita msiba wa wakimbizi.

Swali: Wahindi Wekundu waliingiaje katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya Kaskazini na Kusini?

Jibu: Waliingizwa. Julai 1861 baadhi ya viongozi wa kabila la Creek walitia saini mkataba na majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Mzee Opothleyahola, kiongozi mwingine wa Wacreek, akakataa. Alimwandikia Rais Lincoln kumkumbusha ahadi ya kuwalinda, kisha Novemba akaondoka na maelfu ya watu kuelekea Kansas, jimbo la upande wa Kaskazini. Walikuwamo Wacreek, Waseminole (kabila jingine la Wahindi Wekundu) na pia watu weusi waliotoroka utumwa, kwani Wacreek matajiri nao walimiliki watumwa. Hawa wasisahauliwe.

Swali: Pigano lenyewe lilikuwaje?

Jibu: Halikumaliza siku. Msafara ulikuwa umeshashambuliwa mara mbili njiani, na risasi zilikuwa zinakwisha. Kanali James McIntosh wa Kusini alipandisha askari wake kilimani moja kwa moja, na kufikia jioni kambi ilikuwa yake.

Swali: Mbona wewe unaliita msiba wa wakimbizi?

Jibu: Tazama alichosema McIntosh mwenyewe kwamba aliteka: wanawake na watoto 160, mikokoteni 30, jozi 70 za maksai. Hiyo ni mizigo ya watu wanaohama na familia zao. Walionusurika walikimbilia kaskazini kwenye theluji, wengi bila viatu wala blanketi. Daktari wa jeshi aliyewakuta Kansas aliona watu wamelala juu ya nyasi zilizotandazwa kwenye theluji, na kinga yao ya upepo ni matambara yaliyotundikwa kwenye vijiti. Viungo zaidi ya 100 vilivyoungua kwa baridi vilikatwa. Mtoto mmoja wa Kicreek, wa miaka 8, alikatwa miguu yote miwili karibu na vifundo. Nikifika hapo huwa naiweka kalamu chini kwanza.

Swali: Je, serikali ya Marekani iliwalipa wema wao?

Jibu: Hapana. Wanaume wao walijiunga na jeshi la Kaskazini mwaka 1862 na kurudi kupigana. Opothleyahola alifia Kansas mwaka 1863. Vita vilipokwisha, mkataba wa 1866 ulilinyang'anya kabila la Creek karibu nusu ya ardhi yake, waliokuwa waaminifu na walioasi kwa pamoja.