Kitufe si noti: kwa wadogo zangu mnaoanza kutengeneza chati

Chati ni mpangilio wa vitufe ambavyo mchezaji anavibonyeza kufuata wimbo. Yangu ya kwanza ilikuwa ya gita kavu, lisilo la umeme, rekodi ya mzee mmoja wa huku Katuba, Lubumbashi, nikaipanga kwa vitufe vinne vya osu!mania, mchezo wa muziki wa kompyuta. Kila noti ilikaa kwenye pigo lake, hakuna iliyochelewa. Rafiki yangu akaicheza mara moja, akaondoa mikono: "Hii ni gita ao ni mvua kwenye mabati?"

Nilikuwa nimefuata mapigo tu. Sauti ikipanda, vitufe vyangu vilikwenda popote.

Gita la Lubumbashi, la mtindo wa Mwenda wa Bayeke, aliyerekodiwa na mtafiti wa muziki Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, Likasi ya leo, hupigwa kwa vidole viwili: gumba linatembeza besi, cha shahada kinaimba juu. Mimi hizo sauti mbili nilizisuka zikawa mstari mmoja. Niliporudia, besi niliiweka kushoto, kitufe 1 na 2, wimbo kulia, 3 na 4. Noti zilezile, muda uleule, ila sasa mkono wa kushoto wa mchezaji ni gumba la mzee.

Halafu usijifunge kwamba do ni kitufe 1 siku zote. Hesabu sauti zilizomo katika kifungu chenyewe. Do mi sol mi la sol ina sauti nne: 1 2 3 2 4 3, imekaa. Shida ni pale gita linapopanda do hadi do ya juu, noti nane, nawe una vitufe vitano kama vya Guitar Hero, mchezo unaochezwa kwa gita la plastiki. Ukiandika 1 2 3 4 5 halafu 1 2 3, mkono unaanguka ghafla wakati sikio bado linapanda. Mimi naandika 1 2 3 4, 2 3 4 5. Kurudi nyuma ni kudogo, na kunaangukia sol, kwenye pigo zito, mahali ambapo sikio linasamehe.

Sauti ikijirudia, kitufe kijirudie. Lakini angalia kasi: kwa mapigo 180 kwa dakika, noti nne kila pigo ni noti 12 kwa sekunde. Kwenye gita la Guitar Hero kidole kinatulia, mkono mwingine ndio unaokwangua, basi inawezekana. Kwenye kibodi kidole kimoja hakifiki. Hapo vunja kanuni bila aibu, gawa kwa vitufe viwili jirani.

Kwenye sebene, ile sehemu ya wimbo ambapo gita linarudia vifungu ili watu wacheze, kifungu kikirudi, chati irudi vilevile. Mpigaji akigeuza noti moja, geuza kitufe hicho kimoja tu. Mchezaji atashtuka pale pale aliposhtuka msikilizaji.

Mimi huimba kifungu kwanza kwa do re mi, kama kwenye kwaya, mkono ukipanda na kushuka hewani. Hata umeme ukikatika kazi hiyo inaendelea. Nyumbani wamekwisha kuzoea.