Barua moja ya kupunguzwa kazi haitoshi

SWALI: Mimi ni karani wa ghala Changamwe, mwanachama wa chama cha wafanyakazi. Nimefanya kazi miaka 9 na miezi 7. Ijumaa nilipewa barua: kazi imeisha, notisi mwezi mmoja. Chama kitanisaidia?

JIBU: Ndugu, usitie saini popote palipoandikwa kwamba huna madai mengine. Wengi hujifungia mlango hapo.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 kinataka chama chako na afisa wa leba waarifiwe sababu na idadi ya watakaopunguzwa angalau mwezi mmoja kabla. Notisi yako ni nyingine, huja baadaye. Mwajiri akiziunganisha, amekosea. Muulize katibu wa tawi: barua ya kukiarifu chama ilifika lini? Mpelekee mkataba, barua uliyopewa, na karatasi ya mshahara inayoonyesha makato ya chama (makato yakikosekana, uanachama wako utatiliwa shaka).

Malipo ya kupunguzwa ni angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwako siku 135, miezi 7 haihesabiwi. Likizo iliyobaki hulipwa pesa taslimu.

Chama kiwasilishe mzozo Wizara ya Leba ndani ya siku 90 tangu kuachishwa kazi. Usingoje “mazungumzo yaishe”.