Maswali na Majibu: Kabla ya Kutafuta Wakili wa Usuluhishi, Soma Mkataba

*Nitampata wapi Dar wakili wa usuluhishi wa bei nafuu? (Tabata)*

Swali hili linarudi kila mara, na kila mara mwulizaji hasemi mkataba wake unasemaje. Anzia hapo. Tafuta kifungu cha migogoro. Mara nyingi kimejificha kurasa za mwisho, ambako watu hufika kutia saini tu. Ndicho kitakachokwambia msuluhishi, yaani mtu anayeamua mgogoro badala ya hakimu, ni mmoja au watatu, nani anawateua na watakaa wapi. Mikataba mingi ya ujenzi itakupeleka Baraza la Taifa la Ujenzi. Ukishajua hayo, tafuta wakili na umwulize amesimamia mashauri mangapi ya usuluhishi hadi tuzo, yaani uamuzi wa msuluhishi, ikatoka. Akianza kukusimulia kesi zake za jinai, aga. Jina lake lihakiki kwenye mfumo wa e-Wakili wa Mahakama kabla hujatoa hata shilingi, maana vishoka nao wana mihuri na suti.

*Wakili wangu anaweza kuwa msuluhishi wetu? (Morogoro)*

Hapana. Tuzo ya mtu uliyemlipa wewe kama wakili wako itapingwa Mahakama Kuu, nawe utaanza upya mfuko ukiwa mtupu.

*Niliachishwa kazi miezi miwili iliyopita, bosi aliahidi kuniita. Nitafute wakili wa usuluhishi? (Temeke)*

Mgogoro wa kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ndani ya siku 30. Nimeliandika hili mpaka nimechoka, na bado watu wanasubiri simu ya bosi. Nenda leo ukaombe kuongezewa muda, na uwe na sababu ya maana. Kufungua shauri hakuhitaji wakili.

*Mbia wangu amenishtaki mahakamani ilhali mkataba unataka usuluhishi. Niwasilishe utetezi kwanza? (Arusha)*

Usithubutu! Chini ya Sheria ya Usuluhishi ya 2020, unaiomba mahakama isimamishe kesi kabla hujajibu madai yenyewe. Ukishayajibu, nafasi hiyo imekupita. Hapa ndipo wakili asiyeuzoea usuluhishi anapomponza mteja: anaona siku za kujibu zinakwisha, anakimbilia kuandika utetezi, na kifungu mlichokubaliana wenyewe kinabaki maandishi tu. Mpe wakili wako mkataba mzima, usimpe hati ya madai peke yake.

*Usuluhishi ni bure? (Mwanza)*

Si bure. Hakimu analipwa na serikali. Msuluhishi mnamlipa nyinyi, na ukumbi pia. Kwa deni la milioni mbili la kodi ya fremu, tafuteni mpatanishi wa kuwasaidia muelewane au nendeni Mahakama ya Mwanzo. Na tafadhali, acheni kunakili mikataba ya mtandaoni. Ghala la Kibaha halihitaji wasuluhishi watatu wakae London. Nauli na ada zao zitazidi kodi mnayogombania.

*Tuzo imenipa hasara. Nikate rufaa? (Mbeya)*

Kutoridhika peke yake si sababu. Kama hukusikilizwa, au msuluhishi aliamua jambo ambalo hamkumpelekea, mpe wakili tuzo hiyo wiki hii. Muda wa kuipinga ni mfupi.